Sura ya Tisa: Kilomita Mia Tatu Sitini na Moja

Elisapee alipiga simu saa mbili asubuhi, na hakuanza kwa salamu.

"Chusa chake kipo," alisema.

Sajini Oleepika aliweka kikombe cha chai mezani. "Chusa cha nani, dada?"

"Cha Jaypetee. Kimening'inia bandani, na kiboya chake cha ngozi kipo. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa siingii humo. Leo nimeingia kutafuta nyundo. Sasa niambie, afande, ni mwanamume gani anakwenda kuwinda sili bila chusa?"

Oleepika alivuta faili lililokuwa chini ya mengine. Wiki saba zilikuwa zimepita. Tarehe tatu Machi, Jaypetee wa kijiji cha Tasialuk alimwambia mkewe anakwenda kuwinda kwenye barafu ya bahari, akaondoka asirudi. Kesho yake pikipiki yake ya theluji ikaonekana ukingoni mwa ufa, maji meusi yakiwa mbele yake. Msako ulikwenda siku kumi na moja. Tasialuk haina polisi. Kituo kilicho karibu ni hiki cha Kangiq, cha askari wawili, na mmoja wao alikuwa likizo kusini. Kwa hiyo aliyeandika neno "amezama" na kutia saini alikuwa Oleepika mwenyewe.

"Kuna kitu kingine ulichokitafuta ukakikosa?"

"Shati lake jeupe. Lile la kanisani. Na suruali nyeusi."

"Mbona hukuniambia wakati ule?"

"Wakati ule nilikuwa naangalia mashati?"

Oleepika alimwomba radhi, akakata simu, akakaa akilitazama faili. Mtu aliyevaa shati jeupe anakwenda mbele za watu. Tasialuk haina barabara ya kutoka. Ukitaka kwenda mbele za watu wengine, unapanda ndege. Na siku ile ndege iliyoondoka pale ilikuwa moja tu.

Alipiga simu kwa Ipeelie, wakala wa uwanja wa ndege wa Tasialuk, ambaye ni kaka yake Elisapee. Ndiye anayepima mizigo na kuandika majina ya abiria.

"Ipeelie, habari za huko. Nataka orodha ya abiria ya tarehe tatu Machi."

"Hakukuwa na abiria. Mzigo mtupu. Jaypetee hakupanda ndege, afande."

"Sawa. Ahsante."

Alirudisha simu taratibu mahali pake. Jina la Jaypetee yeye mwenyewe hakuwa amelitaja.

Oleepika alimkuta rubani Doug Farrant kwenye banda la ndege, akiifunika injini ya kushoto kwa blanketi lake nene. Alikuwa mtu wa kusini aliyekaa kaskazini miaka kumi na tisa, mwenye ndevu za mvi na vidole viwili vilivyoliwa na baridi. Watu wa Kangiq walimpenda. Alikuwa amewapeleka wajawazito wengi hospitalini katika hali ya hewa ambayo marubani wengine wangebaki kitandani. Msako wa Jaypetee aliurusha yeye siku tatu mfululizo, Oleepika akiwa kiti cha kulia, macho yote mawili kwenye maji.

"Tarehe tatu Machi," Oleepika alisema. "Ulitoka Tasialuk saa ngapi?"

"Imo kitabuni. Saa tatu na dakika arobaini."

"Ukatua hapa?"

"Saa saba kasoro dakika kumi."

"Hewani kwa saa tatu na dakika kumi. Kawaida ni muda gani?"

Farrant aliendelea kufunga kamba za blanketi. "Inategemea."

"Siku isiyo na upepo."

"Saa moja na dakika ishirini. Ni kilomita mia tatu sitini na moja, afande, haziongezeki wala hazipungui. Lakini siku ile kulikuwa na upepo wa mbele, mkali kweli kweli. Halafu nilipofika hapa nikakuta ukungu. Nikazunguka mpaka ulipofunguka."

"Na kile kidude cha setilaiti kinachoonyesha ndege ilikopita?"

"Kilikufa Februari. Baridi. Nimeagiza kingine."

"Ulibeba nani?"

"Madebe matupu na samaki. Nani mwingine?" Aligeuka, akatabasamu. "Mbona leo unaniuliza kama wakili?"

"Ni karatasi tu. Wakubwa wanataka faili lijae."

"Basi wajazie," alisema Farrant, akarudi kwenye kamba zake.

Mama Ragilee alipima hali ya hewa ya Kangiq kila saa, kwa miaka ishirini na sita, katika kibanda chenye joto kali na harufu ya mkate wa kukaanga. Alilamba kidole, akafunua daftari.

"Tarehe tatu. Saa tatu asubuhi, upepo mwepesi wa magharibi. Saa nne, magharibi. Saa tano, magharibi. Nani kakwambia ulikuwa wa mbele?"

"Rubani."

"Tasialuk iko magharibi. Upepo wa magharibi ulikuwa unamsukuma matakoni. Mwambie upepo wa namna hiyo haujawahi kumchelewesha mtu, labda mlevi."

"Na ukungu?"

Ragilee alimtazama juu ya miwani. "Binti, siku ile niliviona vilima vya kisiwa upande wa pili wa ghuba. Nimeandika hapa: anga safi, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Ukungu alikuwa nao kichwani."

"Mama, maneno haya..."

"Nimeyasahau tayari. Chukua mkate."

Daftari la mafuta lilikuwa limefungwa kwa waya kwenye kibanda cha pampu. Oleepika alilisoma amesimama, mkate mdomoni. Farrant mwenyewe alikuwa ameandika humo kwamba alijaza matangi Tasialuk kabla ya kuruka. Alipotua Kangiq akajaza tena hadi pomoni: lita mia tano na kumi. Ndege ile hula lita mia tatu na arobaini kwa saa. Alipiga hesabu mara mbili kwenye kiganja cha mkono, kwa kalamu. Saa moja na nusu.

Basi ndege haikupigana na upepo wala haikuzunguka. Ingekuwa hewani kwa saa tatu, ingekunywa maradufu. Injini zilizimwa. Kwa saa moja na dakika arobaini ndege ile ilikaa mahali, chini, kimya, katika nchi ambayo kati ya Tasialuk na Kangiq haina hata nyumba moja.

Aliporudi kituoni alimwita Natanine, mume wa Ragilee, mwindaji ambaye miguu yake ilikuwa imeipita nchi ile yote kabla ya goti kumsaliti. Mama yake Natanine aliitwa Oleepika. Kwa hiyo mzee huyu wa miaka sitini na minne alimwita sajini "mama," na watu wote waliona ni sawa.

"Mama, umeniitia nini? Sijaiba kitu."

"Bado. Shika huu uzi."

Alikuwa ametandaza ramani mezani na kukita pini mbili, moja Tasialuk, moja Kangiq. Dakika kumi za mafuta zilikuwa zimezidi safari ya kawaida. Kushuka, kuteleza juu ya theluji na kupaa tena huchukua kama sita. Zinabaki nne za kupinda njia, sawa na kilomita kumi na nane. Alikata uzi wa urefu wa kilomita mia tatu sabini na tisa kwa kipimo cha ramani, akafunga ncha zake kwenye pini mbili, kisha akauvuta kwa ncha ya penseli na kuizungusha. Penseli ikachora umbo la yai refu jembamba.

"Alitua humu ndani," alisema. "Popote nje ya mstari huu mafuta hayamruhusu. Wewe unaijua nchi. Ndege yenye skii badala ya magurudumu inatua wapi humu?"

Natanine aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Hakuuliza ni nani aliyetua.

"Hapa ni mawe. Hapa ni mawe. Mto huu barafu yake imejaa matuta, skii zingevunjika. Ziwa hili dogo, angetua lakini asingepaa." Kidole kilisogea, kikasimama. "Ziwa Jembamba. Watafuta madini walikuwa na kambi pale zamani. Ndege zao zilitua kila wiki."

Oleepika alipima. Kutoka Tasialuk kilomita mia moja sitini. Kutoka Kangiq mia mbili kumi na nne.

"Kwa pikipiki ya theluji?"

"Siku mbili, goti langu likikubali. Tunamfuata nani, mama?"

"Jaypetee."

Mzee aliondoa kidole kwenye ramani. "Huyo si tulimwimbia nyimbo za maziko?"

"Tulimwimbia."

Walifika Ziwa Jembamba siku ya pili, adhuhuri, jua likiwaka juu ya theluji mpaka machozi yanawatoka chini ya miwani. Natanine alizima pikipiki mbali na ufuko, akamwashiria asikanyage mbele.

Theluji inayogandamizwa huwa ngumu. Upepo ukija huifagia ile laini iliyo pembeni, na alama iliyokuwa shimo hubaki imesimama juu kama tuta. Katikati ya ziwa kulikuwa na matuta mawili yaliyonyooka sambamba, upana wa skii za ndege. Yalikuja, yakazunguka, yakarudi. Mahali fulani yalikuwa mapana na yenye barafu.

"Hapa ilikaa," Natanine alisema. "Skii zilikuwa za moto kidogo, zikayeyusha, zikaganda. Ilikaa sana."

Kutoka pale, nyayo za mtu mmoja, kila moja imesimama juu ya kijiguzo chake, zilielekea kwenye kibanda kilichoanguka cha watafuta madini. Hatua zilikuwa za kawaida, za mtu asiye na haraka. Kisha zikatoka kibandani kurudi ziwani, na hizi zilikuwa ndefu, ncha za vidole zimechimba.

"Alikimbia," Oleepika alisema.

"Aliisikia injini."

Nyayo ziliishia kwenye tuta la skii. Pale mtu alikuwa amesimama akigeukageuka mahali pamoja. Halafu alirudi kibandani kwa hatua fupi. Mlangoni palikuwa na jiko bovu lililong'olewa mlango wa bati. Mlango wenyewe haukuwepo.

"Kachukua bati la kukatia theluji," Natanine alisema. "Hakuwa na kisu kirefu. Mtu anayekwenda mjini hachukui."

Nyayo zilitoka ziwani kuelekea mashariki. Kangiq.

Oleepika alifungua ramani. "Kwa nini huku? Nyumbani kwake ni karibu zaidi. Karibu zaidi kwa kilomita hamsini."

"Upepo ulikuwa wa magharibi. Ungempiga usoni."

"Labda."

Walizifuata. Mara zilipotea, mara zilijitokeza tena kwenye mabonde. Baada ya kilomita kumi na mbili walikuta shimo lililochimbwa kwenye rundo la theluji, limezibwa kwa matofali ya theluji yaliyokatwa vibaya. Ndani kulikuwa na alama ya mgongo wa mtu. Hakukuwa na mfupa, wala doa la mafuta: hakuwa na chakula wala taa. Oleepika alipiga picha, akaandika: *malazi ya kwanza*.

La pili lilikuwa kilomita kumi na moja mbele. La tatu kumi. La nne kumi. Malazi yalizidi kuwa madogo na kukaribiana. Jioni ile ya jua jeupe walilala karibu na la tano. Natanine alikata nyama mbichi ya kulungu, akampa, na Oleepika akaila bila kuionja.

Alikuwa akizihesabu siku tangu tarehe tatu. Siku ya pili Farrant aliwasha ndege ya msako na kumfungia mkanda. Siku ya tatu waliruka juu ya ufa, na rubani akamimina kahawa ya chupa, akamwambia, "Mtafute kwa makini, afande, huyu alikuwa rafiki yangu." Siku hiyo Jaypetee alikuwa anakata matofali ya malazi ya tatu.

Walimkuta asubuhi, kwenye malazi ya nane. Hakuwa amemaliza kuyaziba. Alikuwa ameketi, magoti kifuani, uso ndani ya koti la manyoya. Mbweha hawakumfikia. Natanine alivua kofia, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, akamwita jina lake na jina la baba yake. Kisha akasogea pembeni, akampisha sajini afanye kazi.

Oleepika alifungua zipu ya koti. Shati lilikuwa jeupe, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Mapajani alikuwa amekumbatia begi dogo la turubai. Ndani yake mlikuwa na chupa tatu tupu za pombe kali, kila moja imefungwa kwenye soksi isivunjike. Ya tatu ilikuwa bado imegandwa na karatasi ya mizigo, na juu ya karatasi ile mwandiko wa mkono: *Tasialuk, vipuri, D. Farrant*.

Tasialuk walikuwa wameipigia kura pombe mara mbili, na mara mbili wakaikataa. Hata hivyo mwezi wa Desemba mtoto wa Jaypetee, Adamie, mwenye miaka kumi na tisa, alikutwa ameganda nyuma ya shule, mdomo unanuka.

"Amezibeba kilomita sabini na nne," Oleepika alisema.

Natanine alizitazama chupa. "Mtu mwenye njaa hutupa hata mkanda wake."

"Hakuwa anakimbia upepo, baba. Alikuwa anakuja kituoni."

Walimfunga Jaypetee kwenye turubai, wakamlaza juu ya sleji iliyoburutwa na pikipiki. Wakirudi kwa kufuata alama zao wenyewe, waligundua kwamba juzi yake, wakielekea ziwani, walikuwa wamempita kwa kilomita sita.

Farrant hakupinga kukamatwa. Aliziona chupa tatu juu ya meza ya kituo, kila moja na soksi yake pembeni, akaketi.

"Umemkuta," alisema.

"Nieleze tangu mwanzo."

"Alinifuata kiwanjani kabla Ipeelie hajafika. Akasema anataka kwenda Kangiq kwa polisi, na jina lake nisiliandike. Akasema mkewe hajui. Hakutaka Ipeelie ajue."

"Kwa nini?"

"Alijua kwamba Ipeelie ndiye muuzaji wa pombe. Shemeji yake. Kilichokuwa kimebaki ni kujua nani anayeileta." Farrant alicheka kidogo bila furaha. "Mimi alidhani ni mtu mwema. Karatasi ile kwenye chupa hakuwa ameisoma, Kiingereza cha mwandiko kilimshinda. Alinionyesha tukiwa hewani. Akaniuliza, 'Doug, hapa pameandikwa nini?'"

Oleepika aliandika. "Ukajibu nini?"

"Nikamwambia injini inavuja mafuta, lazima tushuke."

"Mkakaa saa moja na dakika arobaini."

Farrant aliinua kichwa. Hakutegemea kusikia dakika. "Nilimwambia ukweli. Nikamwomba. Nikamwambia sitaleta tena hata chupa moja, nikamwapia kwa watoto wangu. Nilimwambia nimebeba wagonjwa wangapi wa kijiji chake, nani atawabeba nikifungwa? Alinisikiliza mpaka mwisho. Anasikiliza vizuri yule mtu. Halafu akasema, 'Twende, tutachelewa.' Basi."

"Basi nini?"

"Nikamwambia kibandani kuna turubai, aniletee nifunike injini ipate joto kabla ya kuwasha. Akaenda."

"Na pikipiki yake?"

"Ilikuwa mwisho wa kiwanja. Nilipofika hapa nikampigia Ipeelie. Akaipeleka ufani yeye."

"Ipeelie alijua mtu yuko wapi?"

"Hakuuliza. Nami sikumwambia." Alisugua vile vidole viwili vilivyokatika. "Nilimwacha hai, afande. Andika hivyo. Sikumgusa hata kwa kidole."

"Nimeandika. Alilala njiani mara nane."

Nje mbwa walikuwa wakigombea kitu. Farrant alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kazi.

"Alifika wapi?"

"Kilomita sabini na nne kutoka ziwani."

Midomo ya rubani ilicheza. Miaka kumi na tisa ya kupiga hesabu ile ile haikumngoja aitake.

"Dakika kumi na sita hewani," alisema, kisha akafunika uso kwa mikono.

Oleepika alimfungia mahabusu. Ndege nyingine ya kutoka mji mkuu wa mkoa ingekuja baada ya siku tatu, hali ya hewa ikikubali. Rubani pekee wa Kangiq alikuwa nyuma ya mlango wa chuma. Alimwachia Ragilee funguo, kwa kuwa hakuwepo mwingine wa kumwachia, na Natanine akaanza kumimina petroli kwenye madebe ya safari ya Tasialuk, goti lake likilia kila anapoinama.

Kisha Oleepika akapiga simu.

"Elisapee, ni mimi. Tumempata."

Mwanamke alivuta pumzi ndefu. "Bahari imemtoa?"

"Hapana. Hakufa maji. Nakuja mwenyewe kukueleza, ana kwa ana. Siku mbili au tatu, nakuja kwa barafu."

"Niambie sasa."

"Si kwa simu, dada. Upo peke yako?"

"Nipo na Ipeelie. Kaniletea sili, yuko jikoni anachuna. Tangu mume wangu afe ndiye anayenilisha mimi na watoto. Ningekuwa wapi bila yeye?" Alikuwa ameanza kulia, lakini kwa adabu, mbali na simu. "Nimpe uongee naye?"

Oleepika alisikia sauti ya kisu kikiwekwa kwenye sahani ya bati, na sauti ya mwanamume ikiuliza ni nani huyo.

"Usimpe. Mwambie ni sajini," alisema. "Mwambie anakuja, na anamwomba amsubiri hapo hapo."